Sifuti Mtu kwa Kufanana Jina

Bosi wangu aliniambia nifute watu mia tatu na kitu kabla ya saa sita mchana, nikamwambia sifuti. Akadhani sikumsikia vizuri. Akarudia taratibu, kama nesi anayemweleza mgonjwa namna ya kumeza vidonge: nifungue kanzidata, niwatafute wote waliojirudia, nibakize mmoja mmoja, wengine niwaondoe, halafu nimpe orodha safi ampelekee mteja. Nikamwambia nilisikia tangu mara ya kwanza, na jibu langu halijabadilika.

Mtakaosema huyu dada ana kiburi, semeni. Ninacho, nimekirithi upande wa baba, na shangazi yangu ndiye aliyebeba fungu kubwa kuliko wote. Ila siku ile kulikuwa na zaidi ya kiburi, na nisipoeleza tangu mwanzo mtanihukumu bure.

Ofisi yetu iko Kibaha, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Malori ya Barabara ya Morogoro yakipita, vijiko vinalia kwenye vikombe vya chai. Tunatengeneza mifumo ya kompyuta kwa lugha ya Java, ile mifumo mikubwa ya maofisini ambayo mtu haioni ila anaisikia ikilaumiwa: "mfumo uko chini", "mfumo umekataa". Mkubwa kuliko yote tuliyowahi kuuza ni wa chama kimoja cha ushirika cha wakulima wa korosho. Kila mkulima ameandikishwa humo kwa majina matatu, kijiji, tarehe ya kuzaliwa, idadi ya mikorosho yake, na namba ya usajili ambayo ni ya kwake peke yake. Msimu wa kupulizia dawa ukikaribia, mfumo unachapa orodha ya kila kijiji. Karani anaisoma kwa sauti, ukiitwa unaonyesha kadi, unatia saini au dole gumba, unabeba mfuko wako wa salfa. Bila salfa ubwiriunga, ule ukungu mweupe, unavamia maua, na mkorosho ulioliwa maua ni mti wa kivuli tu mwaka huo.

Mimi nakaa Visiga lakini kwetu ni Chole. Chole ya Kisarawe, jamani, siyo ile ya Mafia. Nimechoka kuulizwa habari za bahari na watu ambao hawajawahi kufika hata Maneromango.

Basi siku moja, nikiwa kazini, shangazi akanipigia simu. Shangazi hapigi simu mchana kwa sababu anaamini mchana ni wa shamba. Nikaipokea kwa hofu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Hivi si wewe unayekaa na hizo kompyuta za ushirika?"

"Ndiyo, shangazi."

"Basi iulize kompyuta yako, mimi nimekufa lini."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba misimu miwili mfululizo amekosa salfa, jina lake halimo, na kwamba mwizi wake anamjua, anapita naye njia moja kila siku. Alipomtaja huyo mwizi nikaacha kucheka, maana alikuwa mtu mwenye jina kama la shangazi mwenyewe.

Hapa inabidi mnivumilie kidogo. Kwetu mtu mwenye jina kama lako humwiti kwa jina, unamwita somo. Shangazi na yule bibi waliitana somo tangu hawajaota meno ya pili. Ni wa ukoo mmoja. Baba zao walipewa jina la babu mmoja, na wao wenyewe walipozaliwa, kila nyumba kwa wakati wake ikaona binti huyu apewe jina la bibi mkuu wa ukoo, na bibi huyo alikuwa mmoja. Kwa hiyo jina la kwanza ni moja, la baba ni moja, la ukoo ni moja. Waliingia unyagoni pamoja, wakatolewa siku moja, wakaolewa umbali wa mashamba mawili. Kijijini hakuna aliyewahi kuwachanganya. Mmoja ni wa barabarani, huyo ni shangazi. Mwingine ni wa kisimani. Ukisema "wa kisimani" hata kuku wanajua unamsema nani.

Fomu ya kuandikisha haikuwa na nafasi ya kuandika kisimani. Nayo fomu ilitoka kwetu, ofisini. Mwandikishaji alipowauliza wamezaliwa lini, shangazi akamjibu mwaka wa mvua kubwa, mwenzake akasema ule ule. Kijana wa watu akawaandikia tarehe moja Januari, mwaka mmoja, kama alivyowaandikia wazee wote wa pale. Ukiuamini mfumo wetu, wazee wa Chole nzima walizaliwa asubuhi moja. Bibi wa kisimani aliandikwa kwanza, shangazi akafuata nyuma yake kwenye foleni, namba zao zikapishana kwa moja.

Mwaka wa kwanza wa matatizo, karani aliita jina mwishoni mwa karatasi ya pili. Bibi wa kisimani akaenda, kadi ikaangaliwa, akapewa mfuko. Karani akafungua karatasi ya tatu, jina la kwanza kabisa likawa lile lile. Shangazi akanyanyuka, akajikung'uta khanga, akaenda. Karani akaangalia kadi, akaangalia karatasi, akasema, "Mama, hii namba si yako. Hii ni ya mwenzio tena." Amri ya chama ni kwamba mfuko unafuata namba, siyo sura. Mfuko wa pili akapewa bibi wa kisimani, shangazi akarudi nyumbani mikono mitupu.

Jioni ile ile bibi wa kisimani alimpelekea shangazi ule mfuko. Mzima, haujafunguliwa. Shangazi akaukataa. Akasema hawezi kugawiwa cha kwake kama sadaka, na kama mtu ameona aibu basi anajua alichofanya. Nimewaambia kiburi tunacho. Mwaka wa pili ikatokea vile vile, karatasi ile ile, mahali pale pale, na sasa midomo ikafunguka. Wakasema amejiandikisha mara mbili, wakasema ana mtu wake huko ushirika, na wenye methali zao wakasema lisemwalo lipo. Shangazi ndiye aliyeongoza. Alimtangaza mwizi kisimani, msibani na dukani, mpaka watoto wakaacha kumwamkia yule bibi. Chama kikamwandikia barua afike kwenye mkutano wa kijiji kujieleza, na asipojieleza vizuri atafutwa uanachama.

"Sasa wewe ingia humo umtoe," shangazi akamalizia. "Au kazi yako ni kupaka kucha tu huko Kibaha?"

Nikaingia. Nikatafuta kwa namba, siyo kwa jina. Shangazi akatokea, hai na mikorosho yake. Bibi wa kisimani naye akatokea, mara moja tu, hakujirudia popote. Humo ndani walikuwa watu wawili, namba mbili, hakuna wizi. Nikaagiza mfumo unichapie orodha ya Chole, na kwenye karatasi bibi wa kisimani akatoka mara mbili na shangazi hayupo.

Nikafungua faili la malalamiko ambalo hakuna mtu ofisini alikuwa akilisoma. Vijiji tofauti, watu kumi na kitu, wote hadithi moja: huyu kaitwa mara mbili, yule karukwa. Nikachapa orodha zao, nikazipanga mezani, nikavuta kalamu nyekundu. Kila aliyerudiwa alikuwa mwishoni mwa karatasi na mwanzoni mwa inayofuata. Kila mmoja, bila kukosa! Nikajiuliza, mwizi gani huyu anayeiba kwa kufuata ncha za karatasi?

Nikaenda kwenye ile programu inayotoa orodha, nikaukuta mstari wenyewe. Nikamtazama aliyeuandika, maana kila mstari una jina la mwandishi wake. Jina lilikuwa langu. Niliuandika nikiwa na miezi mitatu kazini, najiona fundi.

Mstari ulikuwa hivi, kwa maneno ya nyumbani. Huwezi kuiambia kompyuta ikuletee wakulima wote kwa mkupuo. Ni maelfu, itajaa, itakwama. Unawachukua mafungu mafungu, na mimi nilichagua hamsini hamsini kwa sababu ndio wanaoenea karatasi moja. Nipe hamsini wa kwanza. Ruka hamsini, nipe hamsini wanaofuata. Ruka mia, nipe wanaofuata. Na ili neno "wanaofuata" liwe na maana, lazima useme wamepangwa kwa kufuata nini. Nikasema wapangwe kwa majina matatu. Mimi! Mtoto wa Chole, niliyekulia kwenye uwanja ambao ukiita jina moja wanaitika watu wanne, nikaamini majina matatu yanamtosha mtu.

Sasa watu wawili wakifanana majina yote, kanzidata haijali nani awe mbele. Hukuiambia, kwa hiyo yenyewe inaona yote sawa. Kila unapoomba fungu jipya inawapanga upya tangu mwanzo, na hawa wawili inaweza kuwageuza. Katikati ya karatasi hutagundua, wote watatoka. Lakini mpaka wa fungu ukiangukia baina yao, umekwisha. Fungu la pili limefunga na bibi wa kisimani. Ukiomba la tatu, zamu hii kanzidata imemweka shangazi mbele, shangazi akawa miongoni mwa wale wa kurukwa, na bibi wa kisimani akaja tena. Kwa kuwa Chole haikuwa imeandikisha mtu mpya, mpaka ulibaki pale pale mwaka wa pili, na shangazi akarukwa pale pale.

Dawa yake ni ndogo mpaka inatia hasira. Panga kwa majina, halafu kwa namba ya usajili, ambayo haifanani kwa mtu yeyote, ili kila mtu awe na mahali pake pasipogeuka. Na usihesabu wa kuruka. Mkumbuke wa mwisho uliyempata, useme nipe wanaofuata baada ya huyu. Kesho yake asubuhi nikairekebisha kabla ya chai ya saa nne. Nikachapa Chole mara kumi mfululizo, na mara zote kumi shangazi alikuwepo.

Sasa ndipo nikaenda kwa bosi. Bosi wangu anakaa Dar, anakuja na treni mpaka Soga, halafu anachukua bodaboda, anafika ofisini na vumbi na mashauri. Si mtu mbaya wa moyo, ila ni muuzaji, na muuzaji akisikia neno "kosa" anaziba masikio. Nikamwekea karatasi zangu zenye wino mwekundu. Akazitazama kidogo tu.

"Umesharekebisha?"

"Nimerekebisha."

"Basi imekwisha. Mteja asijue." Akanisogezea kompyuta yake. Chama kilikuwa kimemwandikia kikitaka maelezo kuhusu waliojiandikisha mara mbili. Yeye alishajua cha kujibu: tumekagua, tumekuta udanganyifu, tumeusafisha. Na ndipo akaniambia nifute. Wote wanaofanana majina matatu, kijiji na tarehe ya kuzaliwa: abaki aliyeandikwa kwanza, wengine watoke. Nilishawahesabu. Mia tatu na kitu.

"Hao si marudio," nikamwambia. "Hao ni watu."

"Majina matatu sawa, kijiji sawa, tarehe ya kuzaliwa sawa? Dada'ngu, acha utani. Hao ni magumashi."

"Kwetu jina la babu mmoja hupewa wajukuu wengi. Na tarehe tuliwapa sisi."

"Mfumo haukosei. Watu ndio wanakosea."

Kha! Nilitamani kumrushia kikombe. Mfumo haukosei, na mimi niliyeukosea nimekaa mbele yake! Nikamwambia tena sifuti, na nikamweleza kwa nini, kwa jina la shangazi yangu na la somo wake, ambalo kwa bahati nilihitaji kulitaja mara moja tu. Wakifutwa waliofuata, shangazi anatoka, kwa sababu aliandikwa wa pili. Na chama kikisoma kwamba jina lile lilikuwa limerudiwa na tumeliondoa moja, basi yule bibi amethibitishwa mwizi kwa maandishi. Amri moja, wawili wamekwisha: mmoja hajawahi kuwepo, mwingine mwizi mpaka kaburini. Na wengine mia tatu nyuma yao, wasio na mpwa Kibaha wa kumpigia simu.

"Hiyo ni hisia ya kifamilia," akasema.

"Ndiyo, ni ya kifamilia. Na wewe ungekuwa na familia kule ungekuwa nayo."

Akabadilisha sauti. Akaniuliza kama ninaelewa kwamba nikisema kosa ni letu, jina langu ndilo liko kwenye mstari ule. Alidhani hapo amenishika. Thubutu! Nikamwambia mficha uchi hazai, na mimi sina mpango wa kufa tasa. Nikatoka, nikakaa mezani pangu, nikamwandikia katibu wa chama barua. Sikupamba. Nikaandika kosa lilikuwa nini, nani alilifanya, orodha zipi ziliharibika, na kwamba mtu yeyote asiadhibiwe kwa sababu ya orodha zile. Nikaweka jina langu, nikaituma kwa barua pepe, nakala kwa bosi.

Alitoka chumbani kwake uso umembadilika rangi.

"Umeniuza."

"Sijakuuza. Nimejiuza mwenyewe."

"Nenda nyumbani. Kaa mpaka nikuite."

Kama mnataka habari za kazi nitawaambia hapa hapa ili tumalizane. Nilikaa Visiga wiki mbili nikipalilia mihogo, kisha akaniita, kwa sababu mfumo ulikuwa umekwama na hakuna mwingine ofisini aliyeweza kuusoma. Hakuomba radhi na mimi sikuomba. Tunasalimiana vizuri.

Turudi kwa katibu wa chama. Alinipigia kesho yake. Mwanamume mmoja wa sauti ndogo, akaniambia barua ameisoma mara tatu, na kwamba karatasi ni karatasi, watu wa Chole hawataamini barua. "Mkutano ni Jumamosi. Njoo uwaambie mwenyewe, na uje na orodha yako mpya. Salfa ya msimu huu itagawiwa hapo hapo."

Jumamosi nikachukua bodaboda Visiga, tukapita Mlandizi, tukashika barabara ya Mzenga, Maneromango, hadi nyumbani. Mvua ilikuwa imenyesha, nikafika nimepakwa udongo mpaka masikioni. Nikamkuta shangazi amevaa khanga mpya. Amejipamba kwenda kumwona mwenzake akifutwa! Nikamkalisha, nikamweleza yote. Akanisikiliza akiwa amekunja mdomo.

"Mashine imuandike yeye mara mbili, mimi isinione. Ina macho hiyo?"

"Haina macho, shangazi. Ina maagizo. Na maagizo nilitoa mimi."

"Usimfichie mtu maovu yake."

"Namfichia nani? Nakwambia mimi ndiye niliyekuruka. Mimi, mpwa wako."

Akajifunga khanga upya, akasema twende tutachelewa, akatangulia.

Mkutano ulikuwa kwenye ghala la chama. Mifuko ya salfa ilipangwa ukutani, ile harufu yake ikikwaruza koo. Bibi wa kisimani alikuwa amekaa peke yake kwenye benchi la watu watano. Benchi zima! Watu wengine wamebanana, wengine wamesimama, na hakuna aliyekwenda kukaa naye. Nikaenda kumwamkia mbele ya wote. Akaitikia marahaba.

Katibu akanipa nafasi. Nilikuwa nimejiandaa kuzungumza kisomi, nikaacha. Nikawaambia hakuna mwizi Chole. Nikasema orodha ilikosewa, aliyekosea ni mimi, na mimi ni mtoto wao, wanajua pa kunipata. Wakaguna. Mzee mmoja wa nyuma akauliza mashine inawezaje kumruka mtu aliye hai. Nikawauliza, msibani mkigawa pilau, mgawaji akiishiwa sinia katikati ya mkeka akaenda jikoni, akirudi anajuaje alipofikia? Mwanamke mmoja akajibu, "Anamkumbuka wa mwisho aliyempa." Nikasema basi, mimi niliifundisha mashine ihesabu vichwa badala ya kumkumbuka mtu. Huku nyuma watu wawili wenye jina moja wamebadilishana mahali. Mmoja akapewa mara mbili, mmoja akalala na njaa, na hakuna kati yao aliyefanya kosa. Nikapitisha karatasi zangu zenye wino mwekundu, wakaona vijiji vingine, wakaona ncha za karatasi.

"Kumbe wewe ndiye uliyetugombanisha!" mtu akapaza sauti.

"Ndiyo. Mimi ndiye."

Nilitegemea watanizomea, na wangenizomea ningestahili. Lakini macho yao yalishanihama. Yalikuwa yanakwepa benchi la yule bibi, kila mtu ameona kitu cha kutazama kwenye paa. Katibu akasema shauri limefutwa, mama hana hatia, karani aanze kuita.

Karani akaita. Karatasi ya kwanza ikaisha, ya pili ikaenda, akafika mwishoni. Akalisoma jina, yote matatu, na namba ya bibi wa kisimani.

Hakusimama.

Karani akarudia. Yule bibi akakunja mikono juu ya magoti. "Sisimami," akasema. "Miaka miwili nimesimama kwa jina hilo, nikatukanwa. Mashine imekosea, aliyeitengeneza amekuja kutoka Kibaha na matope yake, amekiri. Mashine haikuja mlangoni kwangu kuniita mwizi. Waliokuja nawaona hapa wamekaa."

Mimi nilitazama chini, maana sikuwa na dawa ya hilo, na hakuna mstari ambao ningeweza kwenda kuurekebisha. Ndipo nikasikia khanga mpya inachakarika pembeni yangu.

Shangazi yangu hajawahi kumwomba mtu radhi tangu nimjue. Hata marehemu mume wake alikufa akisubiri. Akapita mbele ya karani bila kumtazama, akainama, akauinua mfuko wa salfa mwenyewe, akautua kwenye miguu ya yule bibi. Akabaki amesimama, anahema.

"Nilikuita mwizi," akasema, kwa sauti ya kusikika ghala zima. "Kisimani, msibani, dukani, na mbele ya wajukuu zako. Haikuwa kweli."

Bibi wa kisimani akautazama mfuko, halafu akamtazama yeye.

"Ulikuwa unanitaja kwa jina?"

"Nilikutaja."

"Yote matatu?"

"Yote matatu."

"Mjinga wewe," bibi wa kisimani akasema, na sauti ikamkatika, nikaona analia. "Hayo si ndiyo yako? Miaka miwili unazunguka Chole nzima ukijitangaza mwizi."

Shangazi akakaa pale pale benchini, kando yake. Karani akasubiri kidogo, akaigeuza karatasi, akaita tena jina lile lile, kwa namba nyingine.